Odeta alivyobanduliwa uso Igoma

Siku hizi Odeta anafunga kanga mpaka karibu na macho, na hasemi na mtu. Usingemjua. Mwaka jana tu pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba hakukuwa na mdomo kama wake. Kazi yake ni kupaa sato, yaani unanunua samaki, yeye anamkwangua magamba na kumtumbua, na zamani wakati anamkwangua samaki wako alikuwa anakukwangua na wewe. Kashindye wa meza ya jirani, Odeta ndiye aliyembatiza jina la Mkaa, kwa weusi wake. Mteja akifika anamwambia, "Mama, foleni ndefu hapa, nenda kwa Mkaa pale, ila usije ukambeba kwenye gunia." Wateja wanacheka. Kashindye anameza, anaendelea na kisu.

Basi Odeta akapata mchumba kwenye simu. Shimba, mtu wa Sengerema, ana mashine ya kukoboa mpunga. Walikuwa wanaongea kila siku lakini hawajawahi kuonana. Picha alizokuwa anamtumia alikuwa anazipitisha kwanza kwenye kile kitu cha simu kinachosafisha uso, unatoka mweupe, laini, kama umeumbwa jana. Mwanaume akawaka kwa mapenzi. Akasema Jumamosi ya wiki inayofuata anavuka na kivuko, anakuja kujitambulisha kwa mama.

Hapo Odeta akachanganyikiwa. Uso wake wenyewe, kwa mkorogo wa kujichubua aliopaka miaka, ulikuwa na mabaka, mashavu mekundu na pembeni mweusi. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, Shimba akifika amkute yule wa kwenye picha.

Akasikia kuna dawa ya kubandua ngozi ya uso, asidi, ya juu inatoka inaota mpya. Akaanzia mjini kwa dada mmoja wa Kihindi, Urvi, ambaye kazi yake ni ngozi tu. Haya alinisimulia mwenyewe, mimi jirani yake wa chumba na wa sokoni, enzi bado anaongea na watu.

"Usoni unapaka nini?" Urvi akamuuliza.

"Mafuta ya mgando tu, dada."

Urvi akamshika mkono, akaangalia vifundo vya vidole. Anayejichubua vifundo havifichiki, vinabaki vyeusi.

"Mafuta ya mgando na nini?"

"Na krimu. Kidogo."

"Kazi gani unafanya?"

"Ofisini."

"Ofisi gani ina magamba?" Gamba moja lilikuwa limemganda kwenye kiwiko.

Urvi akamwambia bila kuzunguka. Asidi inaunguza ngozi ya juu makusudi. Ngozi iliyochoshwa na mkorogo haina cha kuunguza, itafika kwenye nyama. Aache krimu kwanza, akae wiki kadhaa, halafu wajaribu tone nyuma ya sikio waone ngozi inasemaje. Ikikubali, dawa nyepesi, kidogokidogo, maana ngozi nyeusi ikiungua haiwi nyeupe, inazidi kuwa nyeusi. Na mtu wa kushinda juani ajiulize mara mbili.

"Mimi nina wiki moja," Odeta akasema.

"Basi subiri. Leo sikufanyii."

Odeta akatoka anatukana ngazi nzima. Eti anatubania tusipendeze. Mtu pekee aliyemwambia ukweli mwezi ule, ndiye aliyemtukana.

Akaenda Igoma kwa Precious. Saluni ya kusuka, nyuma kuna pazia, nyuma ya pazia kuna kiti. Precious hakuuliza krimu wala kazi. Chupa yake haina hata karatasi. Akampaka uso mzima kwa brashi, ile ya kupakia dawa ya nywele.

"Ikiwasha vumilia. Ikiwasha ujue inafanya kazi."

Na hapo ndipo sisi tunaponaswa. Dawa isiyouma tunaona tumeibiwa. Uso ukawasha, Odeta akafurahi. Ukaanza kuchoma, akasema inaingia. Precious akatoka kwenda kumalizia mteja wa rasta, wakapiga na umbea kidogo. Aliporudi Odeta kashika mikono ya kiti, machozi yanapita puani.

"Nioshe."

"Bado. Unataka kuwa mweupe au unataka kulia?"

"Mweupe."

"Basi tulia."

Akatulia. Kesho yake uso ulikuwa umevimba unang'aa kama umepakwa mafuta ya taa. Keshokutwa ukakauka, ukaanza kunyanyuka vipande. Hapo mtu anatakiwa akae ndani kivulini na asiguse. Lakini Mwaloni ukikosa asubuhi mbili, mtu ameshaweka beseni lake mezani kwako. Akaenda kazini. Jua la pale linakupiga kutoka juu, halafu linakurudia kutoka kwenye maji. Na mikono ya Odeta haijui kuona kitu kimenyanyuka kikaachwa. Ngozi ikining'inia shavuni anaivuta, kama gamba, kwa vidole vilevile vyenye maji ya samaki.

Kashindye alikuwa ameingoja siku hiyo.

"Mteja, njoo uone. Leo sato anajipaa mwenyewe."

Meza nzima ikaanguka kwa kicheko.

"Odeta, dada yangu, nikuazime kisu? Anzia mkiani."

"Kashindye, niache."

"Nikuache nini na ndiyo kwanza umekolea? Mkaa umeshika."

Mwaloni yote ilicheka, wauza barafu, wabeba mizigo, mimi nikiwemo. Hakuna aliyesema jamani. Kila mtu alikuwa na lake alilowahi kuitwa na Odeta.

Alhamisi vidonda vikaanza kutoa maji. Mpaka Jumamosi vimeshika vigaga vyeusi mashavu yote mawili na kidevu. Akapaka poda juu. Poda ikapasuka.

Mimi nimepanga chumba cha pili kwenye nyumba yao, ukuta wa ubao, kila kitu unasikia, na dirisha langu linatazama mlango wao. Shimba akafika na bodaboda, kashika gunia la mchele wa Sengerema, shati limenyooka. Odeta mwenyewe ndiye aliyekuwa amekaa mlangoni akimsubiri. Shimba akamwinamia kwa adabu.

"Shikamoo mama. Nimemkuta Odeta?"

Nikamsikia Odeta, kwa sauti ndogo:

"Marahaba."

Sauti ile Shimba alikuwa anaijua, kaisikiliza kwenye simu miezi. Akatoa simu, akaangalia picha, akamwangalia yeye.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimepata aleji tu, itaisha. Karibu ndani."

"Na huyu wa kwenye simu?"

"Mimi."

"Lini?"

Odeta akavuta kanga usoni.

"Mimi sikuja kukagua ngozi, dada. Nimekuja kwa mtu. Sasa huyo mtu sijamkuta." Akageuka kwa dereva, ambaye hata pikipiki hakuwa ameizima. "Kaka, pakia."

Wakaliinua gunia, wakalifunga, wakashuka kwenye mawe ya kilima wakaenda zao.

Mama Odeta akatokea jikoni na ungo mkononi, kajifunga kanga mpya.

"Mgeni yuko wapi? Na mchele? Maji yameshachemka."

"Weka unga, mama."