Dinamo Isiyolia

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Povu, na jina likamkaa, kwa sababu mikono yake haikukauka tangu asubuhi mpaka jua linapotua. Mashine zilikuwa mbili, moja mbovu, na mashuka ya wodi nne hayangoji fundi. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyekamua mablanketi nusu ya maisha yake, na kicheko kilichomtangulia mlangoni.

Mumewe, mpiga chapa, alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Hawakujaliwa mtoto. Baada ya mazishi, kaka zake Povu walikuja na gari kumrudisha kwao, naye akawauliza swali moja tu: "Na mama nimwachie nani?"

Mama huyo alikuwa mama mkwe wake. Kaka wakatazamana, wakanywa chai, wakaondoka na gari tupu.

Basi wakabaki wawili katika vyumba viwili na ua mdogo wenye kamba ya nguo. Povu alitafuta riziki, mama mkwe alipika. Waligombana kuhusu chumvi na kupatana kabla sahani hazijaoshwa. Kila jioni yule bibi alisogeza kiti dirishani, na Povu alipoingia tu uani aliisikia sauti yake: "Umefika, mwanangu? Maji ya kuoga tayari." Na kweli yalikuwa tayari, ya moto, kana kwamba kuna mtu alimpigia bibi hesabu ya dakika. Povu aliamini ni kwa sababu ya taa ya baiskeli. Aliamini mama anaiona inateremka kilima kwa mbali, ndipo anainuka kwenda kuepua sufuria.

Baiskeli ilikuwa ya marehemu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga dinamo ya kuwashia taa, ile ya kichupa inayolazwa kwenye ubavu wa tairi, nayo ikisuguliwa inalia nyiiii kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Siku za jua haikuwa na neno. Siku za mvua iliteleza, na taa ikazima pale pale giza linapokuwa zito.

Jioni moja ya mvua kubwa ikateleza kama kawaida yake. Taa ikafifia, ikafa. Povu alikaza miguu akidhani mwendo utaiamsha, na gurudumu la mbele likatumbukia kwenye mtaro uliochimbwa kwa ajili ya mabomba. Msukuma mkokoteni mmoja ndiye aliyemwinua, akamwokotea na kiatu. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba kama andazi. Alitembea njia iliyobaki akiisukuma baiskeli kwa mkono mmoja.

Alipofika, maji yalikuwa yamepoa. Mama mkwe alikuwa nje, amelowa chepechepe, ameshika ukuta wa nyumba kwa viganja viwili.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama. Nimeanguka kidogo tu."

Bibi alimpapasa uso, mabega, akaufikia mkono uliovimba. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilidhani na wewe umekwenda."

Povu aliyabeba maneno hayo kifuani wiki nzima, mkono ukiwa kwenye bandeji. Jumamosi akaikokota baiskeli mpaka kwa fundi wa baiskeli.

Fundi huyu walimwita Spoki, kama zile njiti za gurudumu, maana alikuwa mwembamba kiasi kwamba watu walisema akisimama kiubavu anapotea. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo Povu kwake alikuwa shemeji.

"Shemeji, umekuja kunisalimia au umekuja kunipa kazi?"

"Nataka taa isiyonikimbia kwenye mvua. Na nikisimama pale njia panda kusubiri malori yapite, iendelee kuwaka. Kuna mtu ananitazamia."

Spoki akajifuta mikono. Akamwonyesha kwanza taa ya kuchaji.

"Hii nayo ina hiari yake," Povu akasema. "Kwetu umeme ukikatika jioni, itachajiwa na nani? Na ikizima njiani?"

"Basi dinamo mpya ya kichupa."

"Nimwache nyigu, nimchukue mtoto wake?"

Spoki akacheka, akainama chini ya meza, akaibuka na vitovu viwili vya gurudumu, vinene kuliko kawaida, kila kimoja kama kikopo cha maziwa. "Hii ndiyo dawa yako. Dinamo iko ndani ya kitovu chenyewe. Haigusi tairi, mvua haiijui. Gurudumu likizunguka, umeme unatoka."

Kimoja kilikuwa kipya, chepesi, kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Cha pili kilitoka kwenye baiskeli ya mtumba, kizito, kimechubuka. Povu alishika ekseli ya kile cha zamani akaizungusha. Ikagoma, ikaachia, ikagoma tena, kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu shanga.

"Hiki kibovu. Kinakwama."

"Hapana, shemeji. Hiyo ni sumaku. Kingezunguka laini kama siagi, ningekwambia kimekufa. Ukiwa barabarani hutausikia mkwamo huo. Kilimani utaona uzito kidogo, kama umebeba mkate mmoja zaidi."

"Mkate naumudu. Tofauti yao nini?"

"Kipya ni chepesi, na muuzaji anakupa uhakika wa miaka miwili. Lakini kina matundu ya spoki thelathini na sita. Rimu yako ya mbele ina thelathini na mbili. Ukikitaka hiki, tunatupa rimu, tunanunua nyingine. Hiki kizee kina thelathini na mbili. Kinaingiliana nayo kama kofia na kichwa."

Povu aliitazama rimu ile. Marehemu aliisuka mwenyewe Jumapili moja, amekaa chini uani bila shati, anaimba vibaya. "Rimu haitupwi," akasema. "Chukua kizee. Sisi wazee tunaelewana."

Spoki akakohoa, akakuna shingo. "Kuna jambo lazima nikwambie mapema. Kitovu hiki ni kinene, kwa hiyo spoki za sasa ni ndefu mno. Rimu itabaki, lakini kazi ya marehemu ndani yake... lazima tuifungue yote."

Povu akapitisha kidole kwenye spoki moja, kisha nyingine. Watu wawili walikuwa wakingoja kujaziwa upepo. Spoki akawapa pampu wajihudumie. Mwisho Povu akavuta kigoda, akaketi mbele ya gurudumu.

"Nipe hicho kifunguo. Nitafungua mimi."

Akafungua spoki moja moja kwa mkono usioumia, Spoki akimshikia rimu. Zote thelathini na mbili alizifunga kwa kitambaa akazitia mkobani, na fundi hakumuuliza za nini. Kisha akamfundisha kusuka mpya: hii juu, hii chini, ruka tundu, vuka mbili, pita nyuma ya ya tatu. Povu alikosea mara nne. Mara ya tano Spoki akazungusha gurudumu kwenye stendi, akalitazama likipita katikati bila kuyumba, akasema, "Shemeji, mumeo alikosea mara tisa." Wote wakacheka mpaka wakafuta macho.

Fundi akapanua kidogo uma wa mbele wa baiskeli ili kitovu kiingie, akavuta waya, akafunga taa yenye akiba ya mwanga hata baiskeli ikisimama. Jumatatu jioni Povu aliteremka kilima, barabara yote mbele yake imefunguka nyeupe. Kimya kabisa. Alisikia tairi likinong'ona na lami, basi. Pale njia panda alisimama, taa ikawaka vilevile, na dereva wa lori akampungia apite. Aliendesha akitabasamu peke yake, akimwona akilini mama akiinuka kwenye kiti.

Akaingia uani. Hakuna aliyemwita. Akaegemeza baiskeli, taa ikiwa bado inalimulika dirisha na uso wa bibi nyuma yake, macho wazi, yakielekea kwenye mwanga bila kupepesa.

"Mama?"

Bibi akaruka. "Nani? Nani yuko hapo?"

"Ni mimi, Mama. Hukuiona taa?"

Bibi akashusha mikono mapajani. "Dinamo yako haikulia leo," akasema. "Mimi huwa nakusikia kuanzia kona ya kinu. Nikisikia inalia, naepua maji."

Povu akachutama mbele yake. Akapitisha mkono mbele ya macho yale. Halikusogea hata moja.

"Tangu lini, Mama?"

"La kushoto mwaka jana. La kulia limefuata polepole. Nyumba naijua kwa vidole, sufuria naijua kwa moto wake. Ningekwambia ili iweje? Ulikuwa tayari umebeba kila kitu."

Povu alikasirika kama mtoto aliyeachwa nyuma, akalia, akakasirika tena. Kisha akasema, "Kesho narudisha ile ya zamani."

"Ili uanguke mimi nisikie vizuri? Thubutu! Piga kengele kwenye kona, inatosha."

Lakini Povu hakuishia kwenye kengele. Asubuhi, akikunja mashuka ya wodi ya macho, alimuuliza muuguzi mkuu. Muuguzi huyo akamwambia amlete mgonjwa Alhamisi, na Alhamisi daktari akainamia macho ya bibi kwa tochi ndogo. Mtoto wa jicho, akasema, macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limeachwa mno, hakuahidi kitu. La kulia linaweza kusafishwa kwa upasuaji. Bibi alikataa siku tatu, akisema jicho la mzee halirudishwi sokoni. Siku ya nne alikubali, kwa sharti kwamba Povu ndiye atakayemfulia shuka la kulalia, si mtu mwingine.

Siku ya kufungua bandeji, Povu alitoka kazini na aproni yake, mikono bado inanuka sabuni, akasimama pembeni ya kitanda. Muuguzi akabandua pamba taratibu. Bibi akapepesa, akakunja uso, akapepesa tena. Jicho likazunguka dari, dirisha, kisha likatua kwa Povu, kwenye nywele zilizochungulia chini ya kilemba, na kukaa pale muda mrefu mpaka Povu akaanza kuona haya.

"Mwanangu," bibi akasema, "nani kakupa ruhusa ya kuota mvi?"

"Zimekuja zenyewe, Mama. Wewe ulikuwa huangalii."

Bibi akanyoosha mkono, akamvuta kilemba kikaanguka. Akamwambia aketi kitandani, amgeuzie mgongo, akaomba mtu amletee kitana. Kisha akaanza kumsuka nywele, polepole, akitazama kila unywele, na muuguzi akasahau kwamba muda wa kutembelea wagonjwa ulikuwa umekwisha.