Nyayo za Sanduku la Kijani

Enzi hizo Bariadi ilikuwa na gauni moja la harusi. Sitanii. Lilikuwa la mama mmoja mwenye duka karibu na stendi, naye alilikodisha kwa kila bibi harusi, mnene kwa mwembamba, Mkatoliki kwa Mprotestanti. Wanene waliachiwa mishono, wembamba walibanwa kwa pini. Ukifungua albamu za picha za mji mzima unaliona lile lile, na doa la chai kwenye mkono wa kushoto. Mdogo wangu alipochumbiwa aliapa kwamba hatalivaa, hasa kwa kuwa wake wa kaka za mchumba wake walikwisha kulivaa wote.

Mimi nilikuwa karani Dar es Salaam. Biashara ilikuwa imefunguliwa, Kariakoo imejaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, nikampatia gauni jeupe lenye mkia mrefu. Kwa kuwa ruhusa ya kazini ilikuwa fupi, na kwa kuwa nilitaka kuringa kidogo, usiniulize kipi kilizidi, nilipanda ndege hadi Mwanza. Ilikuwa ya kampuni changa, mojawapo ya zile zilizochipuka baada ya milango kufunguliwa. Gauni nililiweka kwenye sanduku la kijani na kulizungushia mpira wa baiskeli.

Mwanza mimi nilishuka. Sanduku halikushuka.

Kijana wa ofisini, mwenye tai na nywele zinazong'aa mafuta, aliniambia kwa upole, "Litakuja tu, dada. Vuta subira." Siku hiyo ilikuwa Jumanne na harusi ni Jumamosi. Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa, kisha nikapanda basi la Bariadi nikiwa na pochi tu mkononi.

Njia nzima, tangu daraja la mto Simiyu mpaka Nyashimo, mpaka Lamadi tulipoiacha barabara ya Musoma, nilikuwa natunga uongo wa kumwambia mdogo wangu. Nilipomwona getini nilishindwa, nikasema ukweli. Hakulia. Alikwenda kwa mama mwenye duka, akarudi na lile gauni, akatia maji kwenye beseni na kuanza kulisugua lile doa la chai. Hapo moyo uliniuma kweli. Afadhali angenitukana.

Baba alikuwa uani akishona magunia ya pamba. Alimtazama binti yake akisugua, akaichomeka sindano kwenye gunia, akaenda kumwita kiongozi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa wetu.

Kwetu ng'ombe akiibiwa hupigwa mwano, yowe la kuita watu, na kila mwanamume hutoka kufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji fulani, basi kijiji hicho ndicho chenye ng'ombe, mpaka kioneshe zilipotokea upande wa pili. Kikionesha, mzigo unahamia kwa wale wa mbele. Hakuna cha kuambiwa kwamba ng'ombe atakuja tu.

Jioni ile wanaume wa mtaa walikaa uani kwetu. Kiongozi wao, mzee mrefu aliyevaa koti zito hata jua likiwaka, alinihoji.

"Ni la rangi gani?"

"Kijani."

"Alama?"

"Limefungwa mpira wa baiskeli. Na kona moja imebonyea."

"Lilikuwa linakwenda peke yake au na mengine?"

"Na mengine."

"Hayo mengine yamefika?"

"Yamefika."

Akaguna kama mtu aliyekwisha kuona kesi ya namna hii. "Kesho tunafuata nyayo," alisema.

Nilidhani wanamfariji baba. Kumbe asubuhi tulikuwa kwenye basi la kwanza, mimi, baba, kiongozi na mjomba wangu, na kila mwanamume ana fimbo yake. Tulipoingia kwenye ofisi ile ya ndege nilikwenda kukaa pembeni, nikijifanya siwajui.

"Mwangaluka," kiongozi alisalimu.

Kijana wa tai alisimama. Baadaye tulijua mama yake ni wa kabila letu, wa Binza, kule Maswa. "Mwangaluka, baba," aliitikia, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa kabla hajaambiwa.

"Nyayo zimeingia kwako. Tuoneshe zilipotokea."

"Baba, lakini hii ni ndege."

"Hata ng'ombe husafirishwa. Tuoneshe."

Wakakaa kwenye benchi la abiria, fimbo katikati ya magoti. Hawakufoka wala kumtisha mtu. Waliokuja kukata tiketi waliuliza kuna nini, na mjomba aliwaeleza yote kwa kituo, kwamba hapa imepotea mali ya watu. Wawili waliahirisha safari. Kijana akashika simu.

Dar walisema sanduku lilipakiwa. "Basi, Dar wametoka lawamani," alisema kiongozi. "Ndege yenyewe ilikwenda kulala wapi?"

Ilikuwa imeendelea mpaka Bukoba. Kijana akapiga Bukoba, nao wakajibu kwamba hawana mzigo wowote wa mgeni.

"Waambie wasitafute kwenye vitu vya wageni," kiongozi alisema. "Watafute kati ya vitu vyao wenyewe. Huko ndiko ng'ombe wa wizi anakofichwa."

Tulingoja. Kisha kijana, simu ikiwa bado sikioni, akaanza kucheka. Sanduku la kijani lilikuwa likizuia mlango wa ofisi yao usijipige kwa upepo wa ziwa. Nilihama pale pembeni nikaenda kukaa karibu na baba, watu wote wajue kwamba ni wangu.

"Litafika Ijumaa na ndege," kijana alisema.

"Na wewe utafika nalo Bariadi," kiongozi akamjibu. "Lilipotelea kwako. Mali hurudishwa na mtu. Asante, wabeja sana."

Ijumaa, jua likielekea kuzama, kijana wa tai alishuka stendi ya Bariadi, vumbi mpaka kwenye nyusi, sanduku begani.

Nilikuwa nimesahau kwamba mambo hayaishii hapo. Mali ikirudi, mwenye kaya lazima aitambue mbele ya wote walioifuata, ndipo watu watawanyike. Nikasema mimi ndiye niliyelinunua gauni, nitalitambua mimi. Nikaambiwa nikae. Kiongozi akaamua pia kwamba gauni haliwezi kutambuliwa likiwa limekunjwa. Akina mama wa kanisani walipinga, bibi harusi haonwi kabla ya siku yake, lakini wao wenyewe walikuwa wanakufa kwa hamu ya kuliona, kwa hiyo hawakupinga sana.

Mdogo wangu akatoka ndani akiwa amelivaa, miguu peku, mkia wa gauni mikononi mwangu.

"Mwenye kaya," kiongozi aliuliza, "unaitambua mali yako?"

Baba alisimama. Alilitazama gauni kuanzia mkia hadi shingo.

"Gauni hili silijui," alisema. "Sijawahi kuliona."

Kijana wa tai alikaa chini.

"Ila huyu aliye ndani yake, alama zake ninazo. Ana kovu juu ya jicho la kulia, alianguka na debe la maji akitoka kisimani. Anatumia mkono wa kushoto, nilimkataza nikashindwa. Akifurahi anatazama chini, kama hivi." Akatugeukia sote. "Ni wa kaya hii. Kesho anakwenda kaya nyingine. Wakimpoteza, waambieni, nyayo zimeingia kwao."

Wanaume waliitikia kwa pamoja kwamba wamesikia, wakainuka na fimbo zao. Mdogo wangu alikuwa bado anatazama chini.