Sketi ya Kinu

Juzi mjukuu wangu aliacha kipande cha boksi lililolowa karibu na jiko. Lilipoanza kuungua pembeni, harufu ile ilinikalisha kwenye kigoda, nikacheka peke yangu mpaka wajukuu wakaulizana kama nyanya ameanza kuchanganyikiwa. Wao hawana subira ya kusikiliza, basi niwaambie ninyi.

Miaka ya sabini Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Malaba, kando ya barabara ambapo malori yalingoja kuvuka kwenda Uganda. Mama alikuwa na cherehani kwenye veranda iliyopakana na karakana ya Baba, kwa hiyo nilikua kati ya cheche na vipande vya vitambaa. Baba alikuwa stadi, na alijijua. Akinyoosha bampa, utingo wa malori walisimama kumtazama, naye akajifanya hawaoni.

Halafu Mzee Barasa, mwenye kinu cha kusaga mahindi kule Kocholia, akaleta kazi. Bakuli la juu la kinu, lile la kumiminia mahindi, pana juu na jembamba chini, lilikuwa limeoza kwa kutu. Kinu kilisimama, na akina mama wa huko walikuwa wakienda mbali na debe kichwani kutafuta kwa kusagia. Mzee alileta vipande viwili vya chuma bapa kutoka kwenye lori bovu. Cha kwanza Baba alikikata kwa kukisia, akaviunga vipande, kikatoka kitu kilichopinda shingo, chenye nyufa za kupitisha kidole. Mzee Barasa alikizunguka, akasema kwa upole kwamba cha pili kikiharibika atatafuta fundi kule Tororo. Upole ule ndio uliomuumiza Baba. Siku mbili hakugusa ugali.

Wakati huo Mama alikuwa akinikatia sketi ya kanisani, ile inayochanua ukizunguka. Kwanza aliikata kwenye karatasi ya kaki, akanifunga nayo kiunoni kuona kama inanikaa. Alipogeuka kutafuta pini, niliivua, nikaipindua, nikamimina mahindi ya kuku kwenye upindo ili nione yakitokea kiunoni. Yalitoka vizuri sana. Nilijua nitachapwa, lakini Mama alisimama tu akitazama mahindi. Kisha akachukua tepu yake, akaenda kupima lile bakuli bovu.

Aliunganisha karatasi za kaki kwa uji mzito wa muhogo, akachora kwa kamba na chaki, akakata. Baba alipoletewa karatasi pana, yenye umbo la kipande cha duara, alicheka kicheko kikavu.

"Mama Akisa, chuma si kitambaa."

"Hata mimi najua. Lakini hiyo kitu unatengeneza ni sketi, imepinduliwa tu."

Utingo walisikia, wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya wazazi wangu wote wawili. Baba akaona pia kwamba Mama ameongeza upana wa kidole gumba ukingoni, akamwambia chuma hakihitaji nafasi ya mshono. Mama akamjibu kwamba amekaa karibu na moto ule wa kukatia chuma miaka mingi, na kila ukipita unakula kitu.

Baba akavaa miwani yake myeusi.

Karatasi ilibandikwa juu ya chuma ikiwa imelowa uji, kwa sababu alama ya chaki ilimpotea machoni moto ukiwaka. Baba alifuata ukingo wake polepole, na Mama alitembea mbele yake akinyunyiza maji kwa vidole ili isishike moto. Ilitoa moshi, ikanuka uji ulioungua. Walimaliza mzunguko wote hivyo, nami nilikuwa nimeshika mkia wa gauni la Mama bila kujua.

Chuma kilipokunjwa kwa nyundo juu ya gogo, kingo mbili zilikutana. Moto ulikuwa umekula sehemu ya ule upana wa kidole, na kilichobaki kililaliana sawasawa, tayari kuchomelewa. Tulipolifunga bakuli kule Kocholia, Mzee Barasa alimimina debe zima bila punje moja kuanguka chini, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka kinu chenyewe hakikusikika. Mmoja alimsifu fundi. Baba akamsogeza Mama mbele kwa mkono wake, akasema kwa sauti fundi ni huyu. Furaha niliyoisikia siku ile sijaipata hata kwenye harusi yangu.

Miaka yote nilidhani ushindi ule ulikuwa wa Mama peke yake. Mama alipokwisha kutangulia mbele ya haki, nilimuuliza Baba ni wakati gani hasa alipoielewa ile karatasi. Akasema hakuielewa hata kidogo, na mpaka anapiga nyundo alikuwa akingoja aibu.

"Sasa mbona ulikata?"

Akanitazama kana kwamba swali langu ni la mtoto.

"Mama yako alikuwa amesema itatosha."