Siku Jile Yangu Iliniacha Katikati ya Muto

Ule papa, ule baba mwenye muliona kwenye telefone, mikono juu, suruali imefika kwenye magoti, anameza maji ya muto na huku jile yake, koti ya kuelea ya rangi ya machungwa, inaondoka peke yake, polepole, kama bwana mukubwa mwenye hana haraka, ule papa ni mimi. Sina sababu ya kuficha. Haya nilikwisha kula, ilinishibisha. Kisangani yote iliona, Bengamisa waliona, na mutoto wa shangazi yangu mwenye anaishi Ulaya na hajawahi kunipigia hata siku moja ya Idi, juma ile alipiga, anacheka mpaka anakohoa: «Kaka, ni weye kweli?» Ni mimi kweli. Ramazani, mushonaji. Shule niliacha mwaka wa tatu wa primaire, lakini hii nataka kuiandika kwa mukono wangu mwenyewe, juu wengine walikwisha kuielezea kwa kukata kipande, na mwenye alikata kipande Mungu anamujua, na mimi pia namujua, na nitamutaja.

Bon, nirudi nyuma.

Mimi ni mutu mwenye alitoka ndani ya maji. Miaka imepita, nilipanda baleinière ya Papa Lofemba (baleinière ni ile boti ndefu ya mbao, motere nyuma), tunaenda Barumbu kununua samaki ya kukaushwa, mimi na dada yangu Zaina. Ilikuwa asubuhi, jua safi, upepo hakuna. Mbele ya kutoka niliona jile na macho yangu, zile koti za kuelea, zimepangwa vizuri pembeni ya boti. Wakaguzi wakapita, wakaangalia, wakaandika karatasi yao. Walipogeuza tu mugongo, jile zikashuka, zikaenda boti ya jirani, nayo iwaonyeshe wakaguzi kama ni zake. (Njo vile walizoea pale: jile moja inapanda boti tano kwa asubuhi moja na hailowi hata siku moja.) Kisha Lofemba akaongeza watu, akaongeza magunia, akaongeza mbuzi. Tukagonga muti mwenye ulikuwa chini ya maji, boti ikazama. Mimi nilishika bidon ya mafuta ya mawese, ikanibeba. Zaina hakupata kitu cha kushika. Hapo nasimama.

Toka siku ile nilishona suti za arusi kwa mukono tu, roho haikuwa pale. Roho ilikuwa kwa jile. Nilijaribu, nikaharibu, nikajaribu tena: bashi nzito, ile turubai, inje, ndani chupa za plastiki zilizofungwa vizuri, moja moja ndani ya mufuko yake, na mikaba tatu, mikanda ya kufunga. Mukaba wa kifua, mukaba wa tumbo, na wa tatu unapita kati ya miguu. Huu wa tatu njo jile yenyewe. Bila huo, maji inasukuma jile juu na weye unabaki chini. Nilijua. Nilikuwa naielezea kila mutu mwenye alisimama mbele ya mashine yangu, mpaka muke wangu Mwamini akasema, «Baba, hata mbuzi ya jirani inajua sasa habari ya mukaba wa tatu.»

Lakini kuvaa, hawakuvaa. Walisema iko munene, inaleta joto, inafanya mutu aonekane kama gunia ya makaa. Mpaka alikuja Mama Bolumbu, mukubwa wa wamama wa Opala wenye kuleta muchele kwa muto. Alizigeuza, akazivuta kamba moja moja kama mutu mwenye kununua ngombe, akasema: «Papa Rama, mimi nakubali. Lakini wamama wangu ni watu wa telefone. Wakiona mutu anaelea na macho yao, watavaa wote. Wasipoona, wataenda hivi hivi. Na juma ijayo tunapanda.»

Juma ijayo! Wamama ishirini na kitu, na watoto mugongoni, ndani ya boti za watu kama Lofemba. Donc, basi, nilijua kazi yangu ni nini: wamama wa Opala waone mutu anaelea, mbele ya juma ijayo. Ni hiyo tu. Sikutaka kuwa star.

Nikaenda kwa Sifa. Mutaje huyu jina vizuri: Sifa, mwenye kibanda kando ya fotokopi, ameandika kwenye mulango «Communication Digitale», iko na taa ya mviringo kama gurudumu ya toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, na telefone tatu. Ni mwanamuke wa miaka zaidi ya makumi tatu, si mutoto, anajua anachofanya. Alikwisha kufanya keki za mutu fulani zijulikane mpaka Kinshasa.

«Papa Rama,» akasema, «kazi yako iko muzuri, lakini haiongei. Watu wa kartié, majirani zako, wanakujua, wale si kazi. Kazi ni kuongea na mutu mwenye hakujui, mwenye anapita na kidole, anapita, anapita, na weye unamusimamisha kwa sekonde mbili.»

Nikamuambia, mimi natafuta wamama wa Opala tu.

«Hapana, Papa. Watu mupya! Opala, Isangi, Kinshasa, diaspora. Ukitupa wavu, unatupa mukubwa.» Akainua jile yangu kwa vidole viwili, kama mutu mwenye kuinua panya. «Na hii kamba ya kati ya miguu?»

«Hiyo njo inakuokoa.»

«Papa, inafanana na couche, nepi ya mutoto. Watu watacheka. Toa.»

«Haitoki.»

«Kwa video tu. Dakika mbili. Papa, mimi nilisoma hii kitu. Niko na diplome yake.»

Mutu mwenye hakusoma, ukimutajia diplome, anakunja mukia. Nilichukua mukasi yangu mwenyewe, mukasi mwenye nilinunua kwa jasho yangu, nikakata mukaba wa tatu na mukono huu mwenye unaandika. Kosa hilo ni langu, nalisema wazi mbele ya kusema ya wengine. Ilikuwa kukata moja, krap, hata kuku haikugeuka.

Kutoka pale kila kitu ikafuata kama mbuzi nyuma ya kamba. Sifa akasema mukaba wa tumbo nisikaze sana, juu unatoa kitambi. Akasema suruali yangu ya kazi iko na rangi ya matope, tutafute nyeupe; nyeupe ilikuwa ya shemeji yangu (mutu wa tumbo, Mungu amuongezee). Akasema mushipi hapana, chuma yake inangaa kwenye kamera. Nikashika suruali na mukono moja. Nikasema likambo te, haiko neno, ni dakika mbili.

Siku ya posho, njo Jumamosi, saa sita ya muchana, tukafika beach, pale boti zinafungwa. Na boti gani ilikuwa inapakia pale, watu mpaka juu ya mapipa ya mafuta? Ya Lofemba. Yeye mwenyewe amesimama mbele, kofia kichwani, anakula karanga. Sifa akaniona vile ninamuangalia, akauliza ni nani, nikamuambia. Macho yake ikawaka kama taa yake.

«Papa, mutaje! Mutaje kwa direct, watu wakuone sasa hivi! Hasira kidogo. Hasira inatembea haraka kuliko dawa.»

Akawasha. Watu wakajaa, wauza samaki, wabeba mizigo, wanafunzi. Nikapanda juu ya pirogue, mutumbwi wa muvuvi moja, nikaanza kusema, na kusema kweli nilisema vizuri, juu yale maneno yalikuwa ndani toka miaka: «Weye Lofemba! Unaniona? Dada yangu iko chini ya hii maji juu ya jile zenye ulishusha! Leo utaona jile ya kweli, yenye haishuki! Angalia mutu anaelea!»

Watu wakapiga kelele. Mama moja akalia. Na mimi, toka Zaina sikuingiza hata mguu ndani ya ule muto, kuogelea sijui, nilikaza tu mukono kwenye suruali ya shemeji. Nikasema bismillahi, nikaruka.

Maji ilinipokea, na jile ikafanya kazi yake, sidanganyi, ikapanda juu mara moja. Lakini ilipanda peke yake. Ilipita kifua, ikapita masikio, ikafunga macho, mikono ikasimama juu kama mutu mwenye kushikwa na polisi, kisha fyuu! ikatoka. Nilipotokeza kichwa, niliiona mbele yangu, inaelea muzuri sana, jamani, muzuri kweli, kazi ya mukono wangu, inaondoka na maji. Nikaenda chini. Nikarudi. Suruali ikaenda, nikaishika, nikaenda chini tena juu mukono moja hautoshi.

«Azindi! Azindi!» watu wanapiga kelele kwa Lingala, amezama, amezama, lakini wengi walikuwa wanacheka, walifikiri ni sehemu ya mchezo. Na sauti ya Sifa juu ya zote: «Papa, geuka huku! Angalia kamera!»

Mwenye aliniokoa, na hii njo inaniuma kupita yote, ni Lofemba. Alichukua ule muti mrefu wenye wanapimia maji, akaninasa shati nyuma, akanivuta kando ya boti yake kama samaki ya ngolo, suruali kwenye magoti, mbele ya abiria wote. Akaniangalia, akatupa ganda la karanga majini.

«Papa Rama, karibu. Jile yako imetangulia Barumbu. Weye pia unaenda?»

Boti nzima ikacheka mpaka ikayumba, na ilikuwa na uzito, nikaogopa mara ya pili.

Mama moja akanipa liputa yake, kitenge ya maua mekundu, nijifunge. Nikapanda toleka kurudi nyumbani, nimeinama nyuma, na mwenye kuendesha akauliza bila kugeuka: «Mama, tunaenda kartié gani?»

Bon. Kama ingeishia pale, ningesema ni haya ya siku moja. Lakini Sifa alikata. Direct ilikuwa na yote: maneno ya Zaina, habari ya jile zenye kushuka, mama mwenye kulia. Yeye akatoa hiyo yote. Akaacha mimi napiga kelele «Angalia mutu anaelea!», kisha plufu, kisha suruali, kisha Lofemba na karanga. Akatia muziki. Ndani ya siku mbili watu mupya walifika, kweli, kama alivyoahidi, Kinshasa, Goma, Ulaya. Watoto wa shule wakaniita Papa Sous-marin, ile boti ya kutembea chini ya maji. Mwamini aliacha kwenda kisimani saa ya watu.

Na Mama Bolumbu akanitumia sauti kwa telefone. Niliisikia mara nyingi, naijua kwa kichwa: «Papa Rama, samahani. Wamama wameona. Wanasema kama mwenye kuzishona imemuzamisha, sisi itatufanya nini? Nimejaribu. Hawataki tena.»

Wakapanda bila jile. Wote. Walifika, Mungu alikuwa macho. Mimi siku tatu zenye walikuwa ndani ya muto sikulala na sikushona.

Nikaenda kwa Sifa. Sikupiga kelele. Nikamuambia, tia ile video yote, toka mwanzo.

«Papa, ndefu watu hawaangalii.»

Basi nikarudi beach, posho iliyofuata. Jile ya zamani, mbaya, munene, mikaba tatu yote, mushipi wangu, suruali yangu ya matope. Mwamini alishika telefone yake yenye kioo kimepasuka. Wavuvi walikuwa pale, na wamama wawili wa samaki, si wengine. Wakaanza, «Papa Sous-marin, leo unaenda mpaka wapi?» Niliruka. Nikaenda chini kidogo, nikarudi, nikaelea. Nilikaa ndani ya maji mpaka wale wavuvi wakachoka kucheka, mpaka moja akasema, «Kumbe,» akavuta pirogue karibu, akashika mukaba wa tatu, akauliza umeshonwa na uzi gani.

Nikapelekea Sifa hiyo video. Akaangalia yote, kweli, aliangalia, kisha akanirudishia telefone. «Papa Rama, mutu mwenye anaelea hachekeshi. Nani atatuma kwa mwenzake?»

Sasa ninatembea boti kwa boti na jile mugongoni, ninafunga mutu moja moja na mukono wangu, wengine wanacheka, ninafunga tu. Nitafunga mpaka wao wachoke, mimi bado. Na mukaba wa tatu sitakata tena maisha yangu yote, hata kama ni mwenye diplome kumi atasema unafanana na couche.

Lakini wiki hii Mwamini alitoka beach, akaniambia kitu. Abiria akiuliza jile, Lofemba anatoa telefone, anamuonyesha kile kipande cha Sifa. Anasema, «Ona mwenyewe faida yake.» Wanacheka, wanapanda.

Donc nauliza, na nataka jibu, si kwangu, ni mbele ya wamama wa Opala, pale pale beach, muchana, kamera ikiwa imewashwa na hakuna mutu wa kukata. Sifa: nani alikuambia utoe maneno ya dada yangu na uache suruali yangu? Rudisha yale maneno kwa watu wote wenye uliwapelekea kicheko. Na weye Lofemba, umeniokoa, asante, nasema asante na meno yangu yamefungwa. Sasa sema: asubuhi ile, ulipakia watu wangapi, na nani alitoa amri jile zishuke? Sema jina. Niko pale kila siku ya posho. Njoo ujibu.