Mkwe Niliyemlisha Hadi Presha

Kwetu Madungu mkwe akinenepa, sifa ni za mama mkwe. Haitham alimuoa Nahla wangu akiwa mbavu tupu, nami nikaapa hatabaki vile. Ni fundi cherehani, kutwa amekaa. Asubuhi nilimpelekea chapati za samli na maini, mchana wali wa nazi na samaki wa kukaanga, jioni sambusa. Kila baada ya miezi michache aliongeza kiuno cha suruali zake mwenyewe, akicheka. Watu wakiniambia, "Bi Mize, mkweo kanawiri," nilitembea kwa mikogo mpaka sokoni.

Nahla alipokaribia kujifungua mtoto wa pili, tukaambiwa atapasuliwa, kwa hiyo jamaa wakatoe damu ya akiba. Haitham akawa wa kwanza, kifua mbele, mie nyuma yake. Muuguzi, binti aitwaye Suhaila, akampima presha, akangoja, akapima tena.

"Kaka, damu yako siichukui. Presha ni mia na sitini na tano kwa mia na tano. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minane. Lakini mie siumwi popote."

"Ndivyo mnavyosema nyote."

Damu akatoa mwanangu Silima, mkavu kama samaki wa ng'onda, na Nahla baadaye akajifungua salama. Haitham akapimwa pia mafuta kwenye damu, nayo yakakutwa juu. Suhaila akatueleza kwamba uzito ukizidi, moyo husukuma damu kwa taabu na mafuta huganda mishipani. Kijana hasikii kitu, mpaka siku anaanguka. Kisha akanigeukia mie: "Bi Mize, nani anampikia?"

Nilikasirika, Mungu anisamehe. Nilimwona mtoto asiye na adabu. Siku tatu nikazidi kupeleka sahani zile zile. Siku ya nne Haitham akairudisha sahani kwa mikono miwili. "Mama, niwie radhi. Nataka niwaone wanangu wakikua."

Aibu iliyonishika siwezi kuisema. Nikaanza kupika upya: samaki wa kuchemsha kwa ndimu, mboga kwa wingi, wali kidogo, chumvi kwa kuchungulia. Yeye akawa anameza dawa zake, na kila alasiri anaishika njia ya Vitongoji kwa miguu mpaka jasho limtoke. Hakuwa malaika. Siku ya Idi nilimfumania na sinia ya biriani, nikamnyang'anya mbele ya wageni.

Mwezi uliopita, baada ya mwaka mzima, tulirudi kwa Suhaila. Kilo kumi na mbili zimetoka. Presha mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili, mafuta yameshuka, na daktari kampunguzia dawa. Haitham akacheka. Mie nikalia, hata Suhaila akanishika bega, akidhani naumwa.

"Nalia kwa shukrani, mwanangu," nikamwambia. "Baba yake Nahla alianguka kwa presha, akafa ana miaka arobaini na mmoja. Yule naye nilimpikia mie. Ila hakutokea mtu wa kuniuliza."