Bi Rukaiya Aliuliza Mafuta ya Nini

Kwenye karatasi za mradi, Bi Rukaiya ameandikwa kwa maneno matatu: amekataa, imani potofu. Chini yake kuna saini ya shahidi, na saini hiyo ni yangu. Mimi ni Biasha, muuguzi wa zahanati ya hapa Mahege, na kila nikiyakumbuka maneno hayo napandwa na hasira. Kwa hiyo nitamweleza mwanamke huyu kama alivyo, kwa sababu karatasi ile haimjui.

Bi Rukaiya anapika mafuta ya nazi. Alizaliwa Mbwera, akaolewa huku Mahege, akaja na mbuzi yake ya kukunia nazi na hajaiacha mpaka leo. Anakuna, anakamua tui, analilaza, na asubuhi anaengua mazito yaliyopanda juu na kuyachemsha polepole mpaka mafuta yajitenge. Watoto wachanga wa kijiji hiki karibu wote wamepakwa mafuta yake. Mwaka juzi mkwewe alimsaidia kuyatia kwenye dumu alilolinunua mnadani, na alipoulizwa dumu lile lilikuwa na nini kabla, akasema hajui. Bi Rukaiya akayamwaga yote, lita ishirini, nyuma ya choo. Watu walisema amechanganyikiwa. Yeye alisema mafuta hayana sura, ukishayapokea huna wa kukuambia yametoka wapi isipokuwa aliyeyapika.

Mjukuu wake Sabra ana miaka kumi na mmoja na ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kaka yake alikufa kwa ugonjwa huo huo akiwa na miaka minne, na mama yao naye ameshatangulia mbele ya haki. Wamebaki Sabra na bibi yake. Maumivu yakimshika, mtoto anang'ata upindo wa kanga asilie, na bibi anamkanda miguu kwa mafuta yale yale mpaka ipatikane pikipiki ya kuwapeleka hospitali Kibiti.

Basi mradi wa kujaribu tiba mpya ya selimundu ulipokuja, aliyekaa mbele kabisa barazani kwetu alikuwa yeye. Kijana aliyeletwa kutueleza anaitwa Faraji, na alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema ugonjwa wa Sabra ni kosa dogo katika maelekezo ambayo mwili huyafuata kutengeneza damu. Wataalamu siku hizi wanaweza kuyatengeneza maelekezo sahihi, lakini kazi ni kuyaingiza ndani ya chembe hai za mwili, maana chembe ina utando na haimfungulii kila mgeni. Wengine hutumia kirusi kilichoondolewa makali, ila mwili hukitambua na kukipiga vita, na mara ya pili hakipokelewi. Wengine huzitoa chembe nje ya mwili na kuzipiga umeme kidogo zifunguke matundu. Mradi huu ulitaka kujaribu njia nyingine, kuyafunga maelekezo ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta, mgonjwa achomwe sindano, basi. Utando wa chembe wenyewe ni mafuta, alisema, kwa hiyo kitone kinaingia bila vita.

Bi Rukaiya alielewa kabla yangu. "Kumbe mafuta kwa mafuta," alisema. "Na hizo zinazopigwa umeme, hazifi?"

Faraji akakiri kwamba nyingine hufa.

"Basi hii yenu ina upole. Sasa niambie, mwanangu, hayo mafuta ni ya nini?"

"Ni mafuta tu, bibi. Madogo sana, huwezi hata kuyaona."

"Sikuuliza ukubwa wake."

Watu wakacheka. Faraji hakucheka. Alisema hayo ni mambo ya kitaalamu, na kwamba dawa ni dawa.

"Najua kwamba ni dawa," Bi Rukaiya akamwambia. "Nauliza yana nguruwe au hayana. Kama yanayo, nitakwenda kwa Shehe Dadi anieleze dharura inaruhusu nini, maana mtoto anaumwa. Lakini siwezi kumpelekea Shehe swali nusu."

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Huku kwetu hata anayenunua biskuti dukani hugeuza pakiti akasoma nyuma. Faraji hakujua jibu, na kutojua si dhambi, hata mimi sikujua. Angesema, "Bibi, sijui, nitakuulizia," mambo yangekwisha pale pale. Badala yake alitazama saa, akasema anayetaka asaini na asiyetaka halazimishwi. Bi Rukaiya akamjibu, "Niwekee karatasi yangu. Ukija na jibu, nasaini." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Jioni nililetewa rundo la fomu niweke saini ya shahidi. Ndani nilikuwa na mama mwenye uchungu, nje gari la mradi linaunguruma. Nilisaini zote bila kusoma hata moja. Hapo hasira yangu haina wa kumwangukia ila mimi mwenyewe.

Miezi miwili Bi Rukaiya alingoja. Kila akipita zahanati alinitania kidogo kisha akauliza, "Nesi, jibu langu halijafika?" Nami nikamwambia litafika. Halafu yakaja majina ya watoto walioitwa Dar es Salaam kwa vipimo vya kwanza. Walikuwa kumi na wanne, na Sabra hakuwamo.

Bi Rukaiya alikuja asubuhi iliyofuata, akavua ndala mlangoni. "Labda wamelisahau swali," alisema. Nikafungua faili la nakala nimwonyeshe kwamba karatasi yake bado inasubiri, na hapo ndipo nilipoyasoma yale maneno matatu. Tunawafundisha watoto kuwa kuuliza si ujinga, halafu mtu mzima akiuliza anaandikiwa ujinga.

Nikampigia Faraji pale pale, nikaweka spika ili bibi asikie. Akasema fomu ina visanduku: umbali, hofu ya sindano, imani potofu. "Cha sababu nyingine kipo pia, sista, lakini hicho kinataka maelezo, na gari lilikuwa linasubiri."

"Na jibu la bibi?"

"Lipo kwenye kitabu kikubwa cha Kiingereza. Si tuliwaachia nakala?"

Kweli walituachia. Tulikiweka chini ya mguu wa jokofu la chanjo lisiyumbe. Nikakichomoa. Fomu ya Kiswahili ina kurasa nne, na neno mafuta limetajwa mara moja. Kwenye kitabu, ukurasa wa thelathini na tisa, imeelezwa kwa mistari miwili: mafuta karibu yote yametengenezwa maabara, na aina moja imetokana na sufu ya kondoo. Nguruwe hayumo. Aliyeandika mistari ile alijua kuna watakaouliza, ndiyo maana akaiandika. Hakuona tu sababu ya kuiandika kwa lugha ya atakayechomwa sindano.

Nikamtafsiria. Bi Rukaiya akasema, "Sufu. Yaani hata hakuchinjwa."

"Hata hakuchinjwa, bibi."

Faraji bado alikuwa hewani. Akasema samahani, nafasi zimejaa, na awamu nyingine ikija itachukua watoto wasiofika miaka kumi na miwili. Kisha akaongeza kwamba bibi angesaini tu kwanza, swali lingefuata.

Mimi nilikuwa na matusi mdomoni. Bi Rukaiya alinitangulia, kwa sauti ya chini. "Mwanangu, mimi nikikuuzia mafuta leo, nikakuambia kesho yalikotoka, utampaka mwanao?"

Nikakata simu. Bi Rukaiya akaivuta ile nakala, akaweka kidole chini kabisa.

"Hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliniona nikikataa?"

"Sikukuona."

"Basi andika hivyo."

Nimeandika. Nimeiambia kamati inayosimamia maadili ya mradi kwamba shahidi hakushuhudia, kwamba Bi Rukaiya hakukataa bali aliuliza, na kwamba nafasi ya Sabra irudishwe. Kabla sijaituma barua alinifanya niisome mara mbili mbele yake, neno kwa neno, na safari hii sikuwa na haraka. Akasaini naye, chini ya saini yangu.

Hii ni wiki ya tano na hawajajibu. Sabra anatimiza miaka kumi na miwili mfungo sita, mwezi wa Maulidi.