Odessa Aliyesikia kwa Macho

Odessa Spurlin alikuwa hasikii vizuri, na mtu asikudanganye kwamba ni uzee. Mitambo ya kufuma ndiyo iliyomla masikio, kama ilivyotula sisi sote katika kiwanda kile cha pamba huku Carolina. Mle ndani hata ukipigiwa kelele sikioni huambulii kitu, kwa hiyo wafumaji tuliongea kwa midomo tu, bila sauti. Umbea, matusi, mapishi, yote yalipita hivyo. Odessa ndiye aliyekuwa fundi wetu. Angeweza kukusoma midomo ukiwa ng'ambo ya barabara, tena unatafuna.

Mwaka 1929 tuligoma, maana tuliongezewa mitambo kwa mshahara uleule. Tajiri akatutoa kwenye nyumba zake, tukahamia mahemani. Kisha akaleta watu wenye bunduki. Tangu hapo Odessa alikaa kila siku mkabala na dirisha la ofisi, akijifanya anashona, kumbe anamsoma msimamizi.

Jumamosi moja asubuhi alirudi kambini mbio.

"Wanakuja leo jioni," alisema. "Wamesema wakimmaliza Bert, mgomo umekwisha."

Bert Hollifield ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Mert, mdogo wake Odessa, aliyekuwa akikoroga maharage ya kambi nzima, akacheka.

"Makubwa haya. Risasi nzima kwa ajili ya porojo zako, Bert?"

"Cheka tu, dada. Siku nikizikwa utalia mpaka maharage yaungue."

Tukamficha Bert kanisani, ng'ambo ya mto, na wanaume wote wakaenda kumlinda. Wajinga sisi.

Jioni walikuja kweli. Hawakumuulizia Bert. Walikwenda moja kwa moja jikoni, wakampiga Mert risasi akiwa na mwiko mkononi, wakamwaga sufuria, wakaondoka. Wenye njaa watagoma mpaka lini?

Mert, Bert. Hebu yatamke bila sauti uone: midomo inafunga vilevile. Kila mfumaji aliijua kasoro hiyo, ndiyo maana majina tuliyasindikiza kwa ishara ya mkono. Msimamizi hakuwa mfumaji, ishara angeitoa wapi? Na Odessa hakumwazia mdogo wake hata kidogo. Nani angemwazia mpishi? Iliniuma, inaniuma mpaka leo.

Siku ya kumzika Mert, msimamizi alisimama ng'ambo ya barabara, kofia kichwani, akinong'ona na mmoja wa wale wenye bunduki. Odessa hakuwa amelia tangu mdogo wake auawe. Alimkazia macho yule bwana, akaona midomo ikifunga na kufunguka kwa jina lilelile, na Mert tayari yumo kaburini.

Bert alikuwa kando yake, anaimba pamoja nasi. Odessa akamgusa bega, akamwambia kwa midomo tu:

"Nenda sasa hivi. Usiage mtu."